Koti Alilolicheka Eliana

Ndugu zangu, nawasimulia kisa hiki nikijua wapo watakaonuna, hasa vijana wetu waliokwenda mjini wakajifunza kompyuta kabla hawajajifunza kunyamaza. Wanune tu. Mambo haya yalitokea Mungaa, mwaka 2004, katika nyumba ya mjane mmoja aitwaye Damari, na mwenye kosa ni binti yake wa pekee, Eliana.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, miezi ile ambayo upepo wa Singida hauna adabu, mama na binti walikuwa uani wakipura alizeti. Kuku wanadonoa, mlenda uko mekoni, na Damari anaimba. Eliana alikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja Singida mjini. Kila alipokuja nyumbani alikuta mama yake amemwekea kando karatasi zote zilizoingia tangu alipoondoka: cheti cha kliniki, barua ya mjomba, maelezo ya dawa ya mbuzi. Damari hakujua kusoma. Nyimbo za kwaya aliyoiongoza alizijua kwa kichwa, akisikia mara moja zimekaa, lakini mambo ya karatasi aliyaacha kwa Eliana. "Wewe ndiye macho yangu," alikuwa akimwambia, na hakuwa akimsifu tu. Dawa haikumezwa mpaka binti asome. Imani hiyo ndiyo iliyokuja kuchezewa, nawaambia mapema.

Walipomaliza kupura, Damari akaingia ndani, akatoka amevaa koti alilolinunua mnadani. Lilikuwa jeupe, zito, la kitambaa cha taulo, lenye mkanda kiunoni. Siku hizo mitumba ilikuwa imezagaa, marobota yanashushwa kila mnada, na kila mtu akivaa alichobahatika nacho.

Eliana alilijua vazi lile papo hapo. Alikuwa ameliona kwenye video: ni joho ambalo Wazungu hujifunika nalo wakitoka kuoga, kabla hawajavaa nguo.

"Mwanangu, wewe ndiye wa mjini," Damari akasema, akijigeuza huku na huku. "Limenikaa? Nataka niende nalo kanisani. Na mwezi wa nane tunakwenda kuimba huko kwenu mjini, nitawaambia wenzangu watafute kama hili, tufanane."

Hapo palihitaji sentensi moja tu. Mama, hili ni la kuogea, livae hapa nyumbani usipigwe na baridi. Damari angecheka mpaka machozi yamtoke, na mambo yangeishia pale. Lakini Eliana alikuwa na mahali pa kupeleka kichekesho kile, na kilikuwa kizuri mno kukiharibu.

"Limekukaa sana, mama," akasema, akitoa kamera mkobani. "Hebu simama pale nikupige picha."

Mahali penyewe palikuwa kafe ya intaneti ya Bhargav, karibu na ofisi yake. Kila akitoka kazini Eliana aliketi pale saa nzima, kwenye jukwaa la watu wazungumzao Kiswahili waliotawanyika duniani, naye alijiita Binti Mnyaturu. Rafiki yake mkubwa humo alikuwa Zara, msichana wa Leicester. Babu yake Zara aliwahi kuwa na duka la vitambaa Singida, na Kiswahili alikipata kwa bibi yake. Hawakuwahi kuonana. Walitaniana tu, na utani wenyewe ulikuwa mtamu, siwezi kuukana.

"Bibi anasema huko kwenu mtu akikutana na mwenzake njiani, mvua inaanza na inakatika hawajamaliza kusalimiana," Zara aliandika.

"Kwani nyinyi mkikutana mnasemaje?"

"Tunasema, leo baridi. Mwenzako anajibu, kweli baridi. Basi."

"Hiyo ni salamu au taarifa ya hali ya hewa?"

"Afadhali hiyo. Juzi nilimtupia dereva wa basi shikamoo, akadhani nimepungukiwa nauli."

Eliana alicheka peke yake mpaka Bhargav akageuka kumtazama. Akauliza Zara amevaa nini.

"Sweta mbili na soksi za babu, na huku eti ndiyo kiangazi. Bibi amevaa suruali yake ya Kipanjabi, juu yake jaketi la marehemu babu, na kofia ya sufu. Nimemwambia anafanana na mlinzi wa benki. Anasema niwaandikie kwamba bunduki ameisahau jikoni."

Jukwaa zima lilimpenda bibi yule. Eliana akaona wivu kidogo. Kesho yake akaipeleka picha ya mama yake, iliyokwisha kusafishwa studio, ikapitishwa kwenye skana ya Bhargav, ikapanda jukwaani. Chini yake akaandika: "Mama yangu anakwenda kanisani na joho la bafuni. Akifika atamsalimia Mungu, na mbuzi wa Mungu, na punda wa Mungu. Sabuni ameisahau nyumbani."

Walicheka Mwanza, walicheka Muscat, walicheka mpaka miji ambayo Eliana hakujua iko nchi gani. "Binti Mnyaturu, tuletee mama tena," wakamwomba. Naye akawaletea. Kila wiki alikuwa na jipya: mama alivyomkunjia goti kondakta mwenye umri wa mjukuu wake, mama alivyoiuliza redio habari za nyumbani kwake. Wakampa Damari jina, Mama Taulo. Na wanawake wa kwaya walipopata makoti yao, Eliana aliandika kwamba ugonjwa umeenea, sasa wako wanane, bado beseni tu.

Siku moja Zara akauliza, "Mama anasemaje kuhusu picha?"

"Hajui. Hata kusoma hajui."

Zara akaandika, "Mimi kila ninachoandika kuhusu bibi namsomea kwanza. Asipocheka, nafuta."

"Wewe umeshakuwa Mzungu, utani wetu huuelewi," Eliana akajibu, akafunga haraka. Njiani kuelekea chumbani kwake masikio yalikuwa yanamwaka moto. Alijua amesema uongo, kwa sababu utani wa Kinyaturu aliujua tangu utotoni na haukuwa hivyo. Wiki iliyofuata akapeleka kichekesho kingine.

Mwezi wa nane ukaingia. Siku chache kabla ya kwaya kwenda mjini, Eliana akapata salamu kwa mtu wa basi: mama anamtaka Jumamosi, asikose.

Alimkuta ameketi kwenye kigoda, amejifunga kanga, na pembeni yake Magdalena, jirani yao na katibu wa kwaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Basi. Damari hakuuliza safari, wala kazi, wala chumba, wala mwenye nyumba aliyekuwa mgonjwa. Eliana aliyezichekesha nchi za mbali kwa salamu ndefu za mama yake, siku ile alizitamani. Akamsalimia Magdalena, akaitikiwa na mtu anayetazama chini.

Damari akatoa karatasi tatu zilizokunjwa. "Gaspari, yule anayesoma chuo Dodoma, amezitoa kwenye kompyuta akaja nazo. Anasema umeandika habari zangu na watu wengi wamesoma. Nisomee."

Eliana akazifungua. Picha ilikuwa juu kabisa, mama yake ameshika mkanda wa joho kwa vidole viwili, anatabasamu. Akamtazama Magdalena, Magdalena hakumsaidia. Akasafisha koo, akaanza kusoma mambo yasiyokuwepo.

"Mama yangu anaitwa Damari," alisoma. "Baba alipofariki nilikuwa na miaka mitano, naye alilima peke yake. Anaongoza kwaya Mungaa, na akianza wimbo hata wanaopita barabarani husimama. Hakwenda shule, lakini hajawahi kunikosesha shule hata siku moja. Mtu akija kwetu, awe mkubwa awe mdogo, mama humsalimia mpaka ajione amefika nyumbani."

Alisoma hivyo karatasi zote tatu, akigeuza ukurasa kila alipoona inafaa. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba maneno yalikuja yenyewe na yote yalikuwa kweli. Angeweza kuyaandika siku yoyote. Hakuwahi kuyaandika hata mara moja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Ni maneno mazuri," Damari akasema. "Lakini siyo aliyonisomea Magdalena juzi."

Akanyoosha mgongo kama anavyofanya akitaka kuwafundisha wenzake wimbo mpya, akaanza: "Mama yangu anakwenda kanisani na joho la bafuni. Akifika atamsalimia Mungu, na mbuzi wa Mungu, na punda wa Mungu..." Akaenda nayo mpaka mwisho, kondakta, redio, wanawake wanane na beseni. Alikuwa amesomewa mara moja tu, na hakuruka neno. Magdalena alikuwa mmoja wa wale wanane. Alijifunika uso kwa upande wa kanga.

Eliana akapiga magoti kwenye vumbi. Aibu ilimshika mpaka kichwa hakikuinuka. "Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe. Koti si neno. Hapa Mungaa nani hajavaa kitu asichokijua? Na ungenicheka mbele yangu ningecheka nawe, unanijua. Lakini nilikuuliza, Eliana. Nilikuuliza limenikaa, ukasema limenikaa. Wewe ndiye ninayemuuliza, sina mwingine." Akazichukua karatasi zake. "Leo nimekupa karatasi nikasema, labda huyu atasema kweli mwenyewe. Ukanidanganya mara ya pili."

Kwaya haikwenda mjini. Makoti manane yaliingia chini ya vitanda, na Damari alikaa Jumapili nne haongozi wimbo. Eliana alifuta alichoweza kufuta, akaandika toba yake jukwaani, lakini picha ilikuwa imeshachukuliwa na watu wengine, na huko iliko sasa hakuna anayeweza kuifuata. Zara alimwandikia mstari mmoja: bibi anampa mama pole. Eliana hakujua aufikishe vipi ujumbe ule, akabaki nao.

Mwezi wa kumi alikwenda nyumbani tena. Mama alimwandalia ugali wa uwele na kuku, akamuuliza habari za kazi, akamuuliza hata mwenye nyumba. Eliana akaanza kupumua. Walipokuwa wanakula akafika mtu kutoka zahanati na karatasi ya majibu ya Damari, maana presha ilikuwa inamsumbua. Eliana akanawa haraka, akanyoosha mkono aipokee kama siku zote.

Damari akaichukua yeye. Akaikunja mara mbili.

"Kula, mwanangu, chakula kitapoa," akasema bila hasira. Kisha akainuka, akakatiza kwenye mabua ya alizeti, akaelekea kwa Magdalena kusomewa.

Funzo

Ndugu zangu, sisi ni watu wa utani. Hata msibani mtani huja akatulalia njiani na kutudai maji, lakini anatutania usoni, nasi tunamjibu. Utani ambao mwenyewe hayupo kuujibu ni kusengenya, hata ukiandikwa kwa kompyuta na kuchekwa na dunia nzima. Basi ukiona mzazi wako amekosea vazi, mwambie yeye kwanza. Wasimulie wageni vituko vya nyumbani kwenu kama utaweza kuvisoma kwa sauti mbele ya mwenyewe, na kama huwezi, nyamaza. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na aliyejikwaa ulimi ni huyu hapa. Msamaha Eliana aliupata siku ile ile alipouomba. Karatasi hajapewa mpaka leo.