Tochi, Kidude na Macho ya Bi Mwanakheri

Wakil alikuwa dereva wa gari ya wageni. Kila asubuhi alitoka kwake Mkunazini, akapitia hoteli moja ya Mbweni kuchukua watalii, kisha akawapeleka pwani ya Bwejuu. Alijiona bingwa wa barabara. Kusema kweli, mikono yake ilikuwa mizuri. Mguu ndio uliokuwa mzito juu ya mafuta.

Shemeji yake alimletea zawadi kutoka Dubai. Ilikuwa kidude cheusi cha kubandika kwenye kioo cha mbele. Madereva huita "tochi" kile chombo cha askari cha kupimia mwendo wa magari. Tochi ikiwa karibu, kidude hulia. Basi Wakil akisikia mlio hupunguza mwendo, huwapita askari kwa adabu, kisha hukanyaga mafuta tena.

"Umekuwa mganga sasa," mkewe Nadhira alimtania.

"Si uganga, mke wangu. Akili!"

Kila alipofika kwenye ile hoteli ya Mbweni, kidude kililia kama mtoto aliyenyimwa andazi. Wakil alitambaa na gari hadi langoni, akichungulia kwenye maua. Hakumwona askari hata siku moja. "Wamejificha vizuri hawa," aliwaandikia madereva wenzake kwenye simu. Nao wakaanza kutambaa pale, gari nyuma ya gari.

Siku moja alikuwa akienda Bwejuu peke yake kuwafuata wageni, naye amechelewa. Aliingia kijiji kimoja cha njiani. Kibao kilisema hamsini. Kidude kilikuwa kimya, kwa hiyo Wakil akaenda tisini.

Mbele yake, pembeni mwa barabara, alisimama bibi mmoja na gunia la mwani kichwani. Bibi aliitazama gari. Kisha akavuka.

Wakil alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mguu ulipogusa breki ndipo kidude nacho kikalia, matairi yakapiga ukelele. Gunia lilianguka juu ya boneti. Mwani ukatapakaa kwenye kioo, asione kitu. Gari ikasimama.

Alishuka mbio. "Subhanallah! Nshaua mtu!"

Bibi alikuwa ameketi juu ya lami. Kati ya mguu wake na tairi palikuwa na shubiri moja tu.

"Shikamoo, bibi," alisema Wakil, maana kwa mshtuko hakupata neno jingine.

"Marahaba. Sijafa." Bibi alijishika kifua. Jina lake Mwanakheri, mkulima wa mwani pale kijijini. "Kwani ulikuwa unakwenda ngapi, mwanangu?"

Askari mmoja aliyekuwa amejificha mbele alikuja mbio na tochi yake, akawaonyesha namba. Tisini na mbili.

"Aa! Basi ndiyo maana," alisema Bi Mwanakheri. "Miye hupima kwa macho. Gari ikiwa pale dukani kwa Pandu, navuka, nafika. Miaka yote. Kibao kinasema hamsini, nami nnapima ya hamsini. Leo nikasema, masikini miye, macho yangu yameshaharibika."

Wakil aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Huyu anayalaumu macho yake! Alilia mbele ya askari, na faini akailipa.

Alasiri alimwendea jirani yake Sumaiya, fundi wa milango ya hoteli, ile inayojifungua yenyewe.

"Kidude kimenisaliti, Sumaiya. Mbweni kinalia kila siku. Leo kimengoja mpaka nimekwisha."

Sumaiya alicheka. "Kesho twende Mbweni."

Walipofika, kidude kikalia. Sumaiya akaingia, akazima kiboksi kilicho juu ya mlango wa hoteli. Kidude kikanyamaza. Akakiwasha, kikalia tena.

"Huyo ndiye askari wako. Mlango."

Wakil alijishika kichwa. "Miezi minne nnauogopa mlango?"

"Mlango huu unatoa mawimbi ya redio ili ujue kuwa mtu anakuja. Tochi nyingine hufanya hivyo hivyo. Hurusha mawimbi, yakagonga gari, yakarudi. Gari ikija mbio, mawimbi hurudi yamebanana zaidi. Ni kama honi ya gari inayokujia: sauti huwa nyembamba, ikishakupita huwa nzito. Chombo kinapima tofauti hiyo, kinatoa mwendo. Kidude chako ni redio tu. Kinasikiliza mawimbi, hakijui ya mlango wala ya askari."

"Na jana je?"

"Tochi ya jana bila shaka ni ya mwanga. Hurusha mwanga mwembamba, mara nyingi kwa sekunde moja. Kila ukirudi, chombo kinajua gari imesogea kiasi gani. Mwanga huo hautapakai njia nzima. Kidude kina kijicho cha mwanga pia, lakini kikiuona, ujue ushakupiga, ushapimwa."

"Kwa hiyo kililia nimeshachelewa."

"Tena sikiliza, Wakil." Sumaiya hakucheka tena. "Ukienda hamsini, kila sekunde gari inakwenda mita kumi na nne. Ukienda tisini, mita ishirini na tano, na breki inahitaji nafasi kubwa mno. Kidude kinamsikiliza askari. Yule bibi hana mawimbi. Nani alikuwa anamsikiliza yeye?"

Wakil alikibandua kidude, akampa Sumaiya. Mpaka leo Sumaiya anakitumia kupimia viboksi vya milango, kama vizima au vimekufa. Nao madereva waliambiwa ukweli wa Mbweni, wakamcheka Wakil wiki nzima. Alistahili.

Baada ya mwezi, Wakil alipita kile kijiji na wageni wake, mshale wa mwendo ukiwa chini ya hamsini. Bi Mwanakheri alisimama pembeni na gunia jipya alilonunuliwa na Wakil. Aliitazama gari ilipofika dukani kwa Pandu. Akasita kidogo. Kisha akavuka, polepole, bila kukimbia.

Alipofika ng'ambo aligeuka, akaitambua gari.

"Wakil!" alipaza sauti. "Macho yangu mazima bado!"