Springi Nane za Fundi Nsabimana

Jumamosi asubuhi Immakulata aliosha vyombo, akachota maji, kisha akaenda kumsaidia fundi Nsabimana, jirani yao pale Mabamba. Fundi alikuwa akitengeneza pikapu ya Mama Esteri, mama yake Immakulata. Pikapu hiyo ndiyo iliyowalisha; ilibeba maharage hadi Kibondo, ila vilima vilikuwa vimeanza kuishinda. Fundi aliifungia kamshafti, mhimili unaosukuma vali, yenye nundu ndefu zaidi, ili vali zifunguke sana na injini ipate nguvu.

"Nundu ndefu zinataka springi ngumu," alisema. "Moja ikilegea, vali itachelewa kurudi na pistoni itaigonga. Hizi nane nimeziokoteza, mpya na kuukuu. Bana kila moja kwa jiwe hili la mzani, upime kwa rula umebaki urefu gani. Mistari ya rula siioni tena, mwanangu."

"Ego, fundi," Immakulata aliitikia ndiyo kwa Kiha.

Immakulata alipima mbili, zikalingana. Nje wenzake walikuwa wameshaanza mchezo wa rede, wanamwita. Uvivu haukosi hoja: springi ni springi tu! Sita zilizobaki akaziandikia vipimo vile vile, akatimua mbio.

Fundi aliamini vipimo hivyo, akazifunga springi zote. Jumatatu, kwenye kilima cha kwanza, injini ilipiga kishindo ikazima. Fundi aliitwa, na walipoifungua, vali moja ilikuwa imekatika, pistoni imetoboka, silinda imechimbika. Hapakuwa na cha kutengeneza.

"Umenimaliza, Nsabimana!" Mama Esteri alilia. "Wanangu watakula nini?"

Watu wakanong'ona kwamba fundi amezeeka, aache kazi. Yeye akainama, akaanza kukusanya spana zake. "Labda ni kweli," alisema.

Immakulata alishikwa na aibu, akasogea mbele. "Mama, ni mimi. Nilipima mbili tu. Nyingine niliandika uongo."

Mama hakumpiga. Aliketi kando ya barabara akalia kimya, na kilio hicho kilimuuma binti kuliko fimbo.

Gari liliuzwa kama chuma chakavu Kasulu, na mama akaanza kulima kibarua katika mashamba ya watu. Wateja walimrudia fundi. Siku Immakulata alipokwenda kumwomba radhi, fundi alimkaribisha kigodani.

"Ukweli wako umeniokolea jina, nakushukuru," alisema. "Injini haukuiokoa, maana ulichelewa. Ungeniambia siku ile ile, 'Fundi, sijamaliza kupima,' ningekuacha ukacheze kwanza, nami ningekungoja."