Joto la Mwaka Jana

Kila siku kengele ya saa sita ilipolia, Chiriku alipaswa kwenda nyuma ya darasa la kwanza, apande kigoda, afungue kisanduku cheupe cha mbao na kusoma kipimajoto. Kisha aandike nyuzi joto katika daftari la shule. Ilikuwa kazi ya dakika mbili tu. Wanafunzi waliomtangulia walikuwa wameifanya kwa miaka kumi na miwili, na daftari lilikuwa limenona kama kamusi.

Lakini saa sita ndiyo ilikuwa saa ya kuruka kamba, na Chiriku, aliyebandikwa jina hilo kwa kusema na kuimba bila kituo, ndiye aliyeongoza nyimbo. Siku moja akasahau kupima. Siku ya pili akafunua kurasa za mwaka jana, akanakili. "Jua ni lilelile," alijiambia. "Litabadilika nini?" Mazoea yana taabu: mwezi mzima ukapita, kigoda kikafungwa utando wa buibui.

Mdogo wake, Kitumbo, alisoma darasa la kwanza, chini ya bati tupu. Mchana mmoja alirudi nyumbani mnyong'onyevu, akalala mapajani kwa mama yao, mshona nguo.

"Kichwa kinagonga, mama. Darasani kwetu tunaiva."

"Pole, baba." Mama akalowesha kitambaa, akakiweka kwenye paji la uso wake. "Kesho kamati ya shule inaamua. Wakikubali, paa lenu litapakwa chokaa nyeupe na miti itapandwa."

"Watakubali tu," alisema Chiriku, akimpepea mdogo wake kwa kifuniko cha sufuria.

Kesho yake alitumwa kupeleka daftari ofisini. Mwenyekiti wa kamati, seremala mnene mwenye penseli sikioni, alilinganisha kurasa.

"Thelathini, thelathini na moja... Mwalimu, joto halijapanda hata chembe! Chokaa isubiri, tutengeneze lango kwanza."

Mwalimu wa sayansi alikunja uso. "Ajabu. Mbona watoto wanaugua?"

Mlangoni, Chiriku aliyasikia yote. Akisema, ataaibika. Akinyamaza, Kitumbo ataendelea kuiva. Alikikumbuka kile kitambaa kibichi.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "hilo ni joto la mwaka jana. Sikupima. Nilinakili."

Seremala aliichomoa penseli yake. "Binti, nikikutengenezea mlango kwa kipimo cha nyumba ya jirani, kwenu utafunga?"

"Hautafunga," alijibu, machozi yakimlengalenga.

Mwalimu alipiga mstari juu ya kurasa zile, akaandika: Haikupimwa. Kisha akamrudishia daftari. "Kamati itakutana tena baada ya wiki tatu. Kazi bado ni yako. Siku ukikosa, andika umekosa."

Chiriku hakukosa hata siku moja. Kamba ilimngoja. Kitumbo alishika kigoda kwa mikono miwili.

"Dada, usianguke! Mimi si godoro."

"Wewe? Kwa tumbo hilo?"

Kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na tatu, thelathini na nne, siku moja hata thelathini na tano. Seremala alipoziona alipiga mluzi, na Jumamosi akapanda ngazi mwenyewe na brashi. Wazazi walichimba mashimo, watoto wakapanda miche.

Chini ya paa jeupe, Chiriku aliuliza, "Mwalimu, kwa nini joto linapanda?"

"Mwaka mmoja hautoshi kutuambia. Lakini joto katika daftari letu la miaka kumi na miwili linapanda pole pole, kama lipandavyo katika madaftari ya nchi nyingi. Magari na viwanda vinachoma mafuta na makaa, misitu inakatwa, na hewa ya ukaa inajaa angani. Hiyo huifunika dunia kama blanketi, joto likashindwa kutoka. Chokaa na miti yetu vitatupoza hapa. Blanketi lenyewe litapungua watu wengi wakipunguza moshi."

Akamwekea mkono begani. "Ila mgonjwa hatibiwi kwa homa ya jana, mwanangu. Dawa yoyote huanza na ukweli wa leo, hata ukweli huo ukiwa na aibu."

Kengele ya saa sita ikalia. Kitumbo alikuwa ameshakumbatia kigoda.

"Dada, njoo! Leo nasoma mimi, wewe unishike."