Wekundu Kwenye Skrini

Walikutana ndani ya lifti ya hospitali, asubuhi ya msongamano, watu wamebanana kama kuni. Fundi cherehani, shati limepigwa pasi likakaa, mkono wa kulia umelegezwa na kiharusi, alimkanyaga dada wa vipimo.

"Samahani mrembo, mguu huu siku hizi haunisikii."

"Uambie ukanyage wengine," dada akajibu, na lifti nzima ikacheka.

Kumbe ndiye mgonjwa wake mpya. Alimvalisha kofia yenye taa ndogondogo zinazomulika ubongo bila sindano wala maumivu. Fundi akijitahidi kufinya mpira, skrini huonyesha wekundu pale ubongo unapofanya kazi. Asiyeonyesha maendeleo hubadilishiwa mazoezi, na kiti chake hupewa mgonjwa mwingine.

Mwanzoni skrini ilinuna. Lakini simu walizoanza kupigiana jioni, hizo zilinoga.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Umefinya mpira?"

"Nimeufinya kwa mawazo."

Halafu wekundu ukaja, ukazidi kukolea. Dada alifurahi hadi akamtangazia kila mtu. Daktari, kwa kuviamini vipimo vya dada, alimwacha fundi kwenye zoezi lilelile, miezi ile ambayo mkono ulikuwa bado unafundishika. Vidole havikusogea. Dada alishapenda, akasubiri.

Siku moja dada alimwambia fundi apumzike, mpira akauweka pembeni. Wekundu ukapanda. Akamtazama usoni, akaona taya zimekakamaa. Fundi alikuwa anauma meno kwa nguvu, misuli ya kichwa inaitikisa kofia, mashine inadanganyika.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoona inakufurahisha." Fundi aliinamisha kichwa. "Ningeondolewa hapa, mpenzi. Nisingekuona."

"Namba yangu si unayo? Kila jioni tunaongea mpaka chaji inaisha!"

"Kwenye simu huuoni mkono. Hapa ulikuwa unautazama kama unaopona. Nilitaka upone ndipo nikuoe."

"Ningekubali kuolewa nao hivyohivyo."

Alimvua kofia taratibu asimvute nywele. Alikuwa na hasira naye, na bado alimpenda, na hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi.

"Naenda kumwambia daktari ukweli," alisema. "Wewe utapewa mpimaji mwingine."

"Na sisi?"

Fundi alijaribu kutabasamu. Dada akajikuta anamtazama taya, kama zimekakamaa tena.

"Umeona?" akasema, machozi yakimlengalenga. "Ndivyo nitakavyokutazama maisha yangu yote."