Nafasi Kumi za Hironimus

Asubuhi ile ya Alhamisi jirani yetu Violet alianika nguo kama kawaida. Mwanawe Remmy alikuwa na kahoma tangu jana, Violet akamwachia Mama Zuhura wa nyumba ya pili, kisha akapanda bodaboda kutoka Ruhuwiko hadi kituo cha afya anakotunza mfumo wa wachangia damu.

Kanzidata yenye majina yao ina nafasi kumi. Kila kompyuta inayotafuta jina hufungua muunganisho na kukalia nafasi moja, ikimaliza, huiachia. Aliyeitengeneza, Hironimus, alizikwa wiki tatu zilizopita. Akaunti yake Violet hakuifuta. Kwao vitu vya marehemu haviguswi kabla ya arobaini, naye aliona hata akaunti ni kitu chake.

Saa nane mchana Mama Zuhura aliingia akihema, Remmy mgongoni. Malaria ilikuwa imemmaliza damu. Midomo ilikuwa myeupe kama unga.

"Damu ya grupu lake hatuna," Sista Suzana alinong'ona, huku akimvua mtoto viatu taratibu. "Tafuta mchangiaji, Mama Remmy. Upesi."

Violet akatafuta. Skrini ikajibu: nafasi zimejaa.

Akaangalia nani kazikalia. Zote kumi, Hironimus. Zote kutoka kwenye laptopu yake.

Akampigia mjane wake kuuliza laptopu iko wapi.

"Imo sandukuni, mdogo wangu, nimefunga kwa kufuli. Haijachajiwa tangu msiba." Mjane akaenda kuligusa. "Ila sanduku lina joto."

Violet akakata miunganisho yote. Ikarudi. Akabadilisha nywila. Ikarudi. Akazima mashine, akawasha.

Kumi.

Pumzi za Remmy zilikuwa za kuhesabu.

Violet akaweka kiganja kwenye skrini. "Shikamoo, kaka Hironimus," alinong'ona. "Niachie moja tu. Ni mtoto."

Tisa.

Jina likatoka: Rupert, fundi baiskeli wa jirani na kituo. Alikuja na grisi mikononi, akatoa damu, akakataa hata soda. Jioni Remmy aliomba uji.

Violet akarudi kufunga mfumo, machozi bado yanamtoka. Ile miunganisho tisa ya Hironimus ilikuwa bado hai. Akasoma ilichokuwa inatafuta.

Mchangiaji wa Remmy. Tangu Jumatatu.

Mtoto aliugua Jumatano.

Akiwa anatazama, jina likabadilika kwenye mistari yote tisa.

Mchangiaji wa Violet.