Boya Lililofundishwa Uongo

Risasi ya kwanza ilitoboa kioo cha mbele.

Nidia Landázuri, askari wa doria ya pwani, hakuinamisha kichwa. Aliongeza mafuta. Injini mbili za Yamaha zikanguruma, boti ikaruka wimbi na kutua kwa kishindo.

Mbele yake, kati ya mikoko ya Bocas del Candil, Wilmer Preciado alikuwa anatoroka kwa boti huku akifyatua risasi.

Wilmer alikuwa fundi wa boya la manjano lililopima mawimbi nje ya pwani. Wavuvi wa Pasifiki ya Kolombia hawakutoka bila kulisikiliza redioni. Lakini boya lilikuwa na sikio pia, chini ya maji, na sikio hilo lilinasa mngurumo wa nyambizi za kokeini. Wenye magendo wakamnunua fundi. Akalipachika kifaa kilicholifanya liseme siku zote kwamba bahari ni shwari na kimya.

Wavuvi waliliamini. Bahari ikawameza. Nidia mwenyewe alimsaidia mzee Eliécer Angulo kubeba maiti ya mwanawe kutoka ufukweni.

Redio ilikoroma. Alikuwa Kanali Bermeo, mkuu wake.

"Nyambizi imeonekana mlangoni mwa mto. Mwache fundi. Ifuate."

Nidia akatazama magharibi. Maji yalikuwa yamevimba, meusi, yanakuja. Na boti za wavuvi zilikuwa zimeshatoka.

Aliwaita redioni, akawaambia warudi. Mmoja akamuuliza yeye ni nani hata ajue kuliko boya. Wengine wakacheka.

"Kanali, namchukua fundi, naenda kwenye boya."

"Hiyo ni amri, Landázuri."

Akazima redio.

Boti ya Wilmer ilikwama kwenye fungu la mchanga. Alipogeuka, bastola ya Nidia, Glock, ilikuwa inamtazama usoni. Akatupa silaha yake majini.

"Nipige tu, dada. Nikilifungua boya, wataniulia watoto."

"Wanao nitawapeleka mahali salama leo hii. Watoto wa wenzako wako baharini. Panda."

Kwenye boya mawimbi yaliwarusha kama vifuu. Wilmer alining'inia kwa mkono mmoja, akang'oa kifaa kwa mwingine, vidole vikichuruzika damu.

Boya likasema kweli.

King'ora kikalia pwani. Boti zikageuka, moja baada ya nyingine. Sikio likaamka pia, na meli ya jeshi ikaifuata nyambizi kwa sauti yake mpaka ikaibana.

Boti moja haikurudi.

Gatini, wanajeshi wakimsubiri Wilmer, mzee Eliécer alisimama mbele yake.

"Jumapili ulikuwa unakula kwangu," alisema taratibu. "Mwanangu alikuita kaka."

Wilmer akawanyooshea wanajeshi mikono, wamfunge pingu.

Nidia aliwasha redio. Kanali alimwambia atashtakiwa kwa kukaidi amri.

"Sawa. Kwanza nipe gari na watu wawili. Kuna watoto wa kuchukua."

"Gari linakuja."

Nidia akakagua risasi za Glock, akaondoka bila kugeuka.