Njia ya Falaj Dhaya

Mtungi ulikuwa mtupu. Masouda aliuinamisha, akatia mkono mpaka chini, akagusa udongo mkavu. Asubuhi ile mchota maji alimimina viriba viwili, na tangu hapo hakuna aliyepika wala aliyefua. Sakafu kavu. Mtungi hauna ufa.

"Labda jua," alisema mumewe, Sleyum, aliporudi kazini.

"Jua la Matrah linakunywa viriba viwili tangu asubuhi?"

 Ulikuwa mwaka 1967, mwaka wa tatu tangu waikimbie Unguja na kuingia Oman, na walikuwa na jambo kubwa kuliko mtungi. Ili wapate kibali cha kukaa, karani wa shekhe wa kabila lao alitaka kujua kijiji cha wazee wao kiko wapi hasa, maana waliokuja kudai ukoo walikuwa wengi, na jina tupu kila mtu anaweza kulitaja. Mzee pekee aliyewabakia ni mama yake Sleyum, Bi Rahila. Yeye na marehemu mumewe walikuwa watoto wa ndugu, wa kijiji kimoja, Falaj Dhaya. Bi Rahila alitolewa huko akiwa na miaka tisa, mwaka wa ukame, mfereji wa maji wa kijiji ulipokauka, wakashuka pwani kwa miguu.

Tatizo ni kwamba Bi Rahila alivitaja vituo vya safari ile kwa kuvichanganya. Leo Bir Nuhas mbele na Umm Sidr nyuma, kesho kinyume chake, keshokutwa Sayh Milh na Hajar Ghurab katikati. Sleyum alidhani ni uzee.

Masouda hakudhani hivyo. Unguja alikuwa akisomesha jiografia skuli ya wasichana, na alijua kwamba mtu husahau majina lakini mwili hausahau safari. Sleyum alikuwa mchoraji wa ramani katika kampuni ya mafuta. Alimletea ramani kuukuu iliyotupwa, yenye milima na mabonde lakini majina machache. Masouda akaacha kumuuliza mkwewe kipi kilifuata kipi. Akamuuliza: mlitembea muda gani? Jua lilikupiga shavu lipi? Punda alikunywa wapi? Watoto na punda aliwahesabia maili mbili kwa saa. Kwa bikari na penseli alichora duara moja, akachora la pili, na pale yalipokatana kwenye mdomo wa bonde akatia nukta. Wiki mbili, nukta nne, na ya tano ikawa Falaj Dhaya yenyewe. Akaziunga kwa mstari mpaka baharini, na kwa raha ya kukamilisha kazi akaufikisha mstari mpaka kwenye kichochoro chao, mlangoni pao.

"Sikiliza, Mama, kama nimekosea," alisema, akavisoma vituo kwa sauti, toka kijijini mpaka nyumbani.

Bi Rahila alisimama. "Nani kakwambia uvipange?"

"Lazima vipangike. Ndiyo ramani."

"Miaka hamsini na minane sijavipanga mie," alisema mama, akaingia chumbani kwake.

Siku iliyofuata ndipo mtungi ulipokutwa mtupu.

Siku ya pili ikakauka mitungi yote mitatu. Nyumba ikaanza kunuka matope, matope mabichi ya mfereji, yenye ukoka na makuti yaliyooza, na Matrah haikuwa imeona mvua tangu mwaka uliopita. Siku ya tatu, adhuhuri, mtaa mzima umelala kwa joto na hata mbuzi hawalii, Masouda alisikia uani miguu midogo, miguu isiyo viatu, iliyokuwa ikitembea hatua mbili na kusimama, hatua mbili na kusimama, kama ya mtu anayetafuta mlango katika nyumba asiyoijua, ikaupita mlango wa jiko, ikaupita mlango wa ghala, ikafika kwenye pazia la chumba walimokaa yeye na Bi Rahila, na pazia, ambalo halikuguswa na upepo kwa sababu upepo haukuwepo, likavutwa ndani taratibu, kama kitambaa kinavyovutwa na mtu anayevuta pumzi.

"Rahila," ilisema sauti ya mtoto.

Masouda alifungua kinywa. Bi Rahila akamziba kwa kiganja.

"Usiitike," alinong'ona. "Usiitike, mwanangu."

Jioni ile, mbele ya mwanawe, Bi Rahila alisema alichokificha tangu utoto. Alikuwa na mdogo wake, Mahfoudha. Siku ya kuondoka mtoto alikuwa na homa, hawezi kutembea, na punda alishabeba bibi yao. Baba akasema atarudi kumchukua. Wakamlaza kivulini kando ya mfereji mkavu. "Kiriba nnacho mie. Nikamwambia, ngoja, nnakuja. Sikumwachia hata funda moja." Baba hakurudi kumchukua. Lakini tangu kituo cha kwanza wakawa wanasikia kitu nyuma yao kikiita kwa sauti yake. Bibi akawaapisha njia ile wasiitaje tena kwa mpango, ili kisijue walikoelekea.

"Ni ndugu yako, Mama," alisema Sleyum.

"Ndugu yangu alikufa. Hicho kinachoita ndicho kilichomkuta pale."

Wakamwita Maalim Harub kutoka Bawshar, mtu wa visomo. Alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, akanusa hewa, akaomba aoneshwe ramani. Aliufuata mstari kwa kidole mpaka mlangoni pao.

"Kilikuwa kimepotea," alisema. "Mmekichorea njia."

"Tuichome?"

"Kikiwa humu ndani? Kitakosa pa kutokea. Futa, binti. Anzia hapa mlangoni, urudi nyuma, kituo kwa kituo. Na msiichore tena."

"Maalim," Sleyum alisema kwa sauti ya chini, "keshokutwa karani anaitaka ramani hii. Bila yake hatuna pa kukaa."

Miguu ilishaanza uani.

Maalim akaanza kisomo. Masouda akashika ufutio. Alipoifuta nyumba yao, miguu ilirudi nyuma hatua mbili. Alipofuta Sayh Milh mlango wa nje ulilia bawabani. Alipofuta Hajar Ghurab sauti ikawa kichochoroni, ikiita, ikibembeleza, ikilia sasa kama mtoto yeyote anavyolia akiachwa, na Bi Rahila akauma upande wa khanga mpaka machozi yakamtoka, na Masouda akafuta Bir Nuhas, akafuta Umm Sidr, na kila alipofuta kilio kilikwenda mbali zaidi, nyuma ya milima, mpaka ikabaki nukta moja tu. Akaifuta nayo.

Kimya. Baada ya kitambo walimsikia mbuzi wa jirani.

Karani hakuwapa kibali. Aliwapa cheti cha miezi mitatu, na kila miezi mitatu Sleyum alikwenda kukiomba upya kama mgeni. Masouda hakulalamika. Bi Rahila alifariki mwaka 1969, kitandani, kwa utulivu.

Mwaka 1970 ulipokaribia kwisha, serikali ikiwa imebadilika na kila mtu akizungumzia barabara mpya, Sleyum alirudi siku moja na karatasi ya wapimaji wa kampuni. Aliitandaza mkekani. Masouda aliiona nukta mahali pale pale alipoitia yeye, na jina kando yake, na mstari unaoshuka vituo vyote mpaka Matrah.

"Kile kijiji hakina watu," alisema. "Nani kawatajia?"

"Wanasema walimkuta mtoto wa kike, kakaa kando ya mfereji." Sleyum hakumtazama. "Kavitaja vyote, kimoja kimoja, kwa mpango."

"Wamemwacha huko huko?"

"Wangemwachaje, mtoto peke yake? Wamempakia garini. Wameingia mjini leo mchana."